Fundi akichelewa kumwachia mtoto patasi

Mzazi mwenye ufundi mikononi hufika siku akajiuliza: huyu mtoto nimwachie lini kazi aifanye mwenyewe? Katika mji wa Cremona, kaskazini mwa Italia, mafundi wa fidla walilijibu swali hilo kwa namna tofauti.

Fidla, ala hiyo hiyo inayosikika kwenye taarabu ya Zanzibar, haifundishiki kwa maneno. Ubao wa mbele huchongwa kwa mti laini wa milima ya baridi, na wa nyuma kwa mti mgumu zaidi. Fundi hupunguza ule wa mbele mpaka unene ubaki kama milimita 3, huku akiugonga kwa kidole na kusikiliza. Akipitiliza, kazi imeharibika. Gundi ni ya ngozi za wanyama, hulegea kwa unyevu na joto, ili siku nyingine ala ifunguliwe na kutengenezwa, pengine na fundi ambaye bado hajazaliwa. Ndani husimamishwa kijiti ambacho Waitaliano hukiita roho. Kikisogea kidogo tu, sauti hubadilika. Mtoto huyajua haya kwa kukaa mezani na mkubwa, miaka na miaka.

Tauni ya 1630 ilipomchukua baba yake, Nicolò Amati alibaki na ujuzi wa ukoo peke yake. Hakuuficha. Alipokea vijana wa nje, akiwemo Andrea Guarneri aliyeishi nyumbani kwake, kisha akaanzisha ukoo wake wa mafundi. Mjukuu wake akaja kuwa miongoni mwa mafundi wakubwa kabisa wa fidla.

Antonio Stradivari, maarufu kuliko wote, alifanya kazi mpaka uzee wa miaka tisini na ushei. Wanawe Francesco na Omobono walikuwa naye karakanani, lakini fidla zilitoka kwa jina la baba. Alipofariki 1737, Francesco alikuwa na miaka 66! Kumlaumu mzee aliyependa kazi yake ni vigumu, ila mtoto wa umri huo ameshachelewa kuanza. Kabla ya 1743 kuisha, ndugu wote wawili walikuwa wamefariki, na fidla zenye majina yao ni chache mno.

Mwana mwingine, Paolo, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Kalibu za mbao na zana za baba hatimaye familia ikaziuza. Leo ziko kwenye jumba la makumbusho Cremona.