Nani Aruhusiwe Kushika Jino la Mtoto?

Wengi wetu tunaofanya kazi mijini tumeacha jamaa vijijini, na ugonjwa wa huko hutufikia kwa simu ukifuatana na ombi la fedha. Chukua mfano wa mfanyakazi wa Dar es Salaam ambaye mkewe na mtoto wao wa miezi minane wako kwa wazazi, wilayani Kyerwa. Mtoto anaharisha na ana homa. Bibi amemfunua mdomo, akaona fizi zimevimba na kuwa nyeupe mahali pa meno ya chonge. Jirani amesema hayo ni “meno ya plastiki”, na yasipong'olewa upesi mtoto atakufa. Mng'oaji yuko sokoni, kinachongojewa ni malipo yake tu. Je, baba azitume fedha hizo?

Azitume, lakini ziwe nauli ya kwenda zahanati. Kinachoitwa jino la plastiki ni chipukizi la jino la chonge la utotoni, ambalo bado ni laini kwa sababu halijakomaa. Kila mtoto anayo machipukizi hayo ndani ya fizi, na kwa kawaida chonge hutokeza baada ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Umri huo ndio pia anaotambaa na kutia mdomoni kila anachookota, na ndio anaoanza kula na kunywa vitu vingine zaidi ya maziwa ya mama. Vijidudu humpata kwa njia hizo, naye akaharisha. Homa nayo huenda ikawa malaria. Mambo mawili yamekutana kwa wakati mmoja, nasi tukadhani moja limezaa jingine.

Madhara ya kosa hilo ni makubwa. Mng'oaji huchimbua ufizi kwa wembe, msumari au spoku ya baiskeli, pasipo ganzi wala kuchemsha kifaa. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji hupoteza na damu. Anaweza kupata pepopunda au virusi vya ukimwi, na jino la kudumu lililo chini ya lile changa laweza kuharibika. Baya zaidi ni saa zinazopotea, ambazo mtoto angenyonyeshwa, akanyweshwa maji yaliyochanganywa na dawa ya pakiti ya watoto wanaoharisha, na kupimwa malaria.

Wala hili si jambo la nyumba moja. Madaktari wa meno wa Tanzania, Hiza na Kikwilu, walichapisha mwaka 1992 utafiti juu ya watoto wa kijiji cha mbali waliokosa meno ya utotoni kwa sababu ya kung'olewa machipukizi, na mwaka 1997 wakaeleza tena desturi hiyo na mazingira yanayoikuza. Nchini Uganda huitwa ebino. Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, zinapakana na Uganda na Rwanda. Watu huvuka mipaka kwa biashara na kwa ndoa, na imani huvuka pamoja nao.

Sheria inasemaje? Tangu mwaka 1959 sheria ya Tanganyika ilitaka madaktari wa meno waandikishwe. Nafasi ya sheria hiyo ilichukuliwa na ile ya mwaka 2017, inayolipa Baraza la Madaktari Tanganyika kazi ya kuandikisha, kutoa leseni, kupokea malalamiko na kumfuta daftarini anayekiuka maadili. Waganga wa tiba asili wana sheria yao ya mwaka 2002 na baraza lao, lakini cheti cha tiba asili hakimfanyi mtu kuwa tabibu wa meno.

Wapo wasemao kwamba vyeti hivi ni ukuta wa wasomi wa kulinda ulaji wao. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani chama chochote cha taaluma chaweza kujisahau kikawatumikia wanachama wake tu. Lakini aliyeandikishwa ana jina katika daftari, na akikosea yupo wa kumwuliza. Mng'oaji wa sokoni, mtoto akifa, juma lijalo yuko soko jingine.

Hata hivyo, katazo peke yake halitibu. Mama wa Murongo anayeambiwa asiende kwa mng'oaji hana budi kuonyeshwa aende wapi. Hospitali ya Nyakahanga iko karibu na Kayanga, na kutoka mpakani huko safari ni ndefu na nauli ni mzigo kwa mkulima. Kwa hiyo Chama cha Madaktari wa Meno Tanzania, kila kinapodai sheria iheshimiwe, hakina budi kudai kwa sauti ile ile kwamba vituo vya afya vya vijijini vipatiwe matabibu wa meno, ganzi na vyombo vya kuchemshia vifaa. Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, Machi 20, isiishie kuwagawia miswaki wanafunzi wa mijini. Ifike Nkwenda na Kaisho siku ya soko, izungumze na akina bibi na wakunga kwa lugha wanayoisikia vizuri, bila kuwadharau, maana nao wanataka mjukuu apone.

Nasi wa mijini tuna wajibu wetu. Tuwaeleze jamaa zetu ukweli huu kabla mtoto hajaugua, kwa sababu bibi aliyekwisha kushikwa na hofu hana nafasi ya kusikiliza hoja. Mng'oaji akionekana, serikali ya kijiji iarifiwe. Na popote tulipo, tusione haya kuomba kuona leseni. Dereva wa basi twamtaka awe nayo ndipo apakie abiria, basi anayeingiza chuma kinywani mwa mtoto hawezi kudaiwa pungufu ya hapo.