Walimu Wafundishwe Kupanga Maendeleo ya Shule

Kila shule ya msingi hutakiwa kuwa na mpango wa maendeleo. Katika shule nyingi kazi hiyo huishia ofisini kwa mwalimu mkuu: mpango wa mwaka jana unatolewa kabatini, tarehe zinabadilishwa, mhuri unagongwa, karatasi zinapelekwa kwa Afisa Elimu Kata. Anayefundisha darasa la pili hajui kilichoandikwa. Hilo libadilike, na Mkoa wa Kigoma ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu huko mwalimu wa darasa anaona mengi yanayopaswa kuingia katika mpango.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Kwenye vijiji vya mwambao, dagaa wakipatikana kwa wingi wapo watoto wanaoshinda kwenye vichanja vya kuanikia badala ya darasani. Mwalimu wa darasa anaiona ratiba hiyo kwenye daftari lake la mahudhurio, mwezi baada ya mwezi. Mwaka 2024 uvuvi ulipositishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nani angetambua mapema kuliko yeye ni nyumba ipi imeshindwa kununua madaftari?

Tatizo ni kwamba kuyajua hayo hakumfanyi awe mpangaji. Kusoma mahudhurio ya miezi sita, kuchagua jambo moja la kushughulikiwa, kulipigia hesabu na kumtaja atakayelisimamia ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Fedha za kutekeleza mpango nazo ni kidogo. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi iligawanywa: 6,000 ziende shuleni, 4,000 zinunue vitabu. Kwa mgao huo shule ya watoto 600 hupata milioni 3.6 kwa mwaka mzima. Kiasi hicho hakivumilii mpango wa kunakili.

Mkoa wa Kigoma hauanzii patupu. Ulikuwamo katika EQUIP-Tanzania, programu ya kuinua elimu iliyoanza 2014, kisha ukaingia katika programu nyingine, Shule Bora. Nchi nzima ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo huwakutanisha walimu shuleni kwao. Vikao vichache vya MEWAKA vitengwe kwa ajili ya kupanga, walimu wote wakiwa na madaftari yao halisi mezani. Tunajua walimu wamelemewa na vipindi. Ndiyo maana tunasema muda huu utolewe ndani ya ratiba ya kazi, wasiibiwe Jumamosi yao.

Wala wasiitwe mjini. Kumtoa mwalimu Kalya hadi Kigoma ni safari ndefu, na darasa linabaki wazi. Mwezeshaji ndiye amfuate katani.

Mwaka wa fedha huanza Julai, hivyo mpango uwe tayari mapema. Halmashauri za Uvinza, Kigoma na Kigoma Ujiji ziyamalize mafunzo haya kabla shule hazijafungwa Desemba. Januari mpango ujadiliwe na walimu wote pamoja na Kamati ya Shule, kisha ubandikwe ukutani katika ofisi ya walimu, gharama na majina ya wahusika vikionekana.