Lori la mbolea likishapita, nani atabeba chokaa?

Mwezi Mei 2024 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kujadili mbolea na afya ya udongo. Azimio lao linataka uzalishaji na usambazaji wa mbolea bora barani uongezeke mara 3 ifikapo 2034, na angalau asilimia 30 ya ardhi iliyochoka irudishiwe rutuba. Kwa wenye malori na maghala, lengo la kwanza lina maana ya mzigo zaidi kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Lakini bila la pili, mteja wa mzigo huo hatadumu.

Ahadi za namna hii si ngeni. Azimio la Abuja la mwaka 2006 lilitaka matumizi yapande kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Lengo hilo halikufikiwa.

Bei ni sababu inayofahamika. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, urea ilipita dola 900 kwa tani katika soko la dunia. Serikali zikaingia na ruzuku: Kenya iliuza mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500 za Kenya, kisha 2,500 mwaka 2023, na Tanzania ikaanzisha ruzuku yake katika msimu wa 2022/23.

Sababu ya pili haizungumzwi sana sokoni. Ni udongo wenye tindikali.

Mfuko unaoliwa na udongo

Maeneo yenye mvua nyingi, kama magharibi mwa Kenya, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, milima ya Rwanda na Burundi na kaskazini mwa Zambia, yana mashamba mengi ya aina hiyo. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Fosforasi iliyomo kwenye mbolea ya kupandia, kama DAP, hushikwa na udongo kabla mahindi hayajaifikia.

Mkulima amelipa, msafirishaji amelipwa, lakini gunia haliongezeki. Baada ya misimu miwili au mitatu mkulima huyo hupunguza mifuko, na muuza pembejeo hubaki na mzigo ghalani.

Tatizo lenyewe huongezwa na mbolea. DAP na urea zikitumika mwaka hadi mwaka bila chokaa, huzidisha tindikali. Kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu wa udongo, kila kilo 1 ya naitrojeni kutoka urea huhitaji takribani kilo 1.8 za chokaa safi ili kuiweka sawa. Mfuko wa urea una kilo 23 za naitrojeni, hivyo unadai kilo 41 hivi za chokaa. Lori la tani 30, lenye mifuko 600, huacha nyuma yake deni la karibu tani 25.

Hilo ni deni la mbolea mpya tu. Shamba lililokwisha kuchacha mara nyingi huhitaji tani 2 au zaidi kwa hekta kwa kuanzia.

Tatizo ni nauli

Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa. Ni nzito na bei yake ni ndogo, hivyo si ajabu nauli ikapita thamani ya mzigo. Urea hustahimili safari ndefu kutoka bandarini, chokaa haistahimili. Anayefaulu ni aliye karibu na machimbo.

Hapo ndipo mpaka unapokuwa na maana. Mawe ya chokaa yapo Tororo, Uganda, jirani kabisa na Malaba, na mashamba ya Bungoma na Busia yako ng'ambo tu. Malori mengi hurudi Mombasa matupu kupitia njia hiyo. Kwao, hata nauli ndogo ya kushusha chokaa njiani ni afadhali kuliko kuchoma dizeli bure. Chokaa ya Koru, Kenya, hushindana katika soko hilo hilo. Upande wa kusini, machimbo ya Songwe yako karibu zaidi na Nakonde na Isoka kuliko Lusaka ilivyo.

Taratibu nazo hutofautiana. Mbolea iko sura ya 31 ya orodha ya ushuru, na chokaa iko sura ya 25 pamoja na madini mengine. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa iliyochimbwa katika nchi mwanachama hupita bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili. Mzigo usiozidi dola 2,000 hutumia cheti kilichorahisishwa. Zambia haimo katika Jumuiya, hivyo mzigo wa Songwe hufuata taratibu za SADC. Kwenye mizani, kikomo cha Jumuiya ni tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mzigo kama huu hukifikia upesi.

Hatari ya kuaminiwa

Mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango iliwafikia wakulima wa Kenya kupitia mpango wa ruzuku. Baada ya hapo, mtu anayeuza unga wa mawe lazima atarajie maswali. Cha kumwonyesha mnunuzi ni cheti cha maabara chenye mambo mawili: uwezo wa chokaa kupunguza tindikali, na ulaini wa usagaji wake. Chokaa yenye chenga huchelewa kufanya kazi. Ile ya kupaka kuta ni kali na haifai kumwagwa shambani ovyo.

Soko hili pia halijirudii kila msimu, kwa kuwa chokaa hufanya kazi kwa miaka kadhaa. Na si kila shamba linaihitaji. Ikizidi nayo hudhuru mazao. Bila kupima udongo, muuzaji anakisia na mkulima anabahatisha.

Kwa hiyo faida kubwa haitaonekana kwenye hesabu ya chokaa yenyewe. Itaonekana kwenye mfuko wa mbolea ambao mkulima yule yule atarudi kuununua msimu ujao, kwa sababu wa mwaka huu ulimlipa.