Mkuyu Katika Kopo

Wenzangu wa bwenini hunicheka. Wasema nimeutia jela mti uliozaliwa uwe mkubwa. Mhariri, nipe nafasi niwajibu.

Likizo moja mti wa kivuli uliokuwa nyumbani kwetu Koboko ulikatwa ukawa kuni. Ni jamaa ya mkuyu, ule Waganda wauitao mutuba na kulipiga gome lake liwe nguo. Ufundi huo UNESCO iliutukuza mwaka 2005. Nikaokota kijiti kimoja, unene wa kidole gumba, nikakileta Arua na kukipanda katika kopo la mafuta lililotobolewa chini. Kikashika. Wajapani huita kazi hii bonsai.

Kushika si taabu. Taabu ni mizizi ya juu, ile ining'iniayo matawini kama ndevu za mzee. Hiyo hutaka hewa yenye unyevu, na upepo wa Januari huikausha ncha. Basi kila mmoja naupitisha ndani ya mrija wa soda uliojaa mchanga maji, mpaka ufike udongoni. Ukishagusa chini hunenepa kama nguzo. Waya wa kukunjia matawi nautazama kila Jumamosi, maana ukisahauliwa huuma gome.

Je, hiyo ndiyo jela? Ule uliokuwa huru ulimalizwa kwa shoka asubuhi moja, wala hakuna aliyeutetea, hata mimi. Matawi niyapunguzayo sasa siyatupi. Mvua za Aprili zikianza, vijiti vitatu vitakwenda Koboko, kando ya kisiki kile. Anichekaye na aje achukue cha nne.