Usimcheke Mtoto Apendaye Udongo

Mpenzi msomaji, mwanao akikuambia kwamba akimaliza shule angependa kusomea kilimo cha bustani, utamjibu nini? Wazazi wengi huguna. "Karo yote hii niliyolipa, kumbe ni ya kwenda kushika jembe?" Udaktari, uwakili na uhandisi ndizo kazi za kujivunia mbele ya majirani. Mtu wa bustani tunamwona kama aliyekosa la kufanya.

Kabla hujamkatiza tamaa, mpeleke Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Hapo mawe ya matumbawe yalichimbwa miaka mingi ili kutengeneza saruji, yakabaki mashimo makavu yasiyo na hata jani la mbuzi. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyesomea kazi hii ya bustani, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, na uliotia fora ni mvinje. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana mti huu humea mahali ambapo mingine hufa.

Tatizo likawa majani yake. Yalianguka yakarundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Siku moja Haller akamwona jongoo akiyala. Jongoo wakakusanywa kwa wingi na kuachiliwa humo. Walikula, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Bamburi jongoo hakutupwa, na msitu ukapatikana.

Mwaka 1984 watu walianza kuruhusiwa kuingia na kutembea humo. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park, na mtoto wa mjini husimama kivulini palipokuwa mwamba mtupu. Daktari hutibu mgonjwa aliyemjia; mtu wa bustani huwatengenezea kivuli hata wasiomjua.

Basi mzazi, usianze kwa kukemea. Mpe mwanao debe kuukuu, udongo na mche wa sukuma wiki. Baada ya mwezi muulize ameona nini: wadudu gani wamekuja, jani lipi limegeuka rangi, na kwa nini. Akikujibu kwa kirefu, jua hapo pana kipaji. Kilipie karo.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.