Haki ya Mto Kabla ya Kiwanja

Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Aprili 2024, Idd ikiwa haijatimiza hata juma moja, gari lililobeba wanafunzi waliokuwa wakielekea shule asubuhi na mapema lilisombwa na maji ya mvua katika korongo moja jijini Arusha. Watoto kadhaa walipoteza maisha. Tuliwaombea, tukawapa pole wazazi wao, kisha mvua zikakatika na kila mmoja akarejea katika shughuli zake. Makorongo yamebaki pale pale, na nyumba zinazidi kuyasogelea.

Tumelikumbuka tukio hilo kwa sababu kila baraza tunalokaa siku hizi, mazungumzo huishia kwenye viwanja. Jiji lililohesabiwa watu wapatao 416,000 katika sensa ya mwaka 2012 lilihesabiwa zaidi ya 617,000 mwaka 2022. Laki mbili za watu wameongezeka katika miaka kumi, nao wote wanahitaji pa kulala, pa kuuzia na pa kusalia. Ndiyo maana macho ya wenye mitaji na ya wasio nayo yanageukia maeneo mawili ambayo zamani hayakugombewa: magofu ya viwanda na kingo za mito.

Wasomaji wetu wenye umri wanakumbuka viwanda hivyo vilipokuwa hai. Mji huu uliotoa Azimio la mwaka 1967 ulijengewa viwanda vilivyojulikana nchi nzima. General Tyre kilianza kutengeneza matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikasimama mwaka 2007, na tangu hapo mipango ya kukifufua imesikika mara nyingi. Kiltex kilitengeneza nguo, nacho kikanyamaza. Mtaa wa Unga Limited ulirithi jina la kampuni ya kusaga nafaka, na leo wapo vijana waliozaliwa humo wasiojua kwamba anwani yao iliwahi kuwa jina la kinu.

Kuyatumia upya maeneo kama hayo ni jambo jema. Kuacha ardhi ya mjini ikiota magugu nyuma ya ukuta, ilhali familia zinapanga chumba kimoja watu saba, ni kupoteza neema. Lakini ardhi iliyokunywa mafuta, rangi na kemikali kwa miaka mingi haitakasiki kwa kubomoa ukuta na kupaka rangi mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake kabla ya kuanza. Anayenunua nyumba au fremu mahali palipokuwa karakana ana haki ya kuuliza udongo ulipimwa lini na ulikutwa na nini. Muuzaji naye, kwa kipimo cha dini yetu, ana wajibu wa kuibainisha aibu ya bidhaa yake kabla ya kuulizwa. Anayeficha ufa wa chungu anafanya ghushi. Vipi anayeficha sumu iliyo chini ya sakafu atakayotambaa mtoto?

Upande wa pili ni mito. Themi, Naura, Ngarenaro na Burka huteremka kutoka Mlima Meru na kupita katikati ya makazi yetu. Maji ya Themi huungana na Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakafuata Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Hivyo pampasi inayotupwa mtoni usiku, mtupaji akidhani hakuna amwonaye, inaanza safari ndefu ya kuwaudhi watu asiowajua. Mtume (S.A.W.) aliwaonya watu wasifanye haja katika vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli wanavyopumzikia wenzao, akayahesabu mambo hayo kuwa ni yenye kuleta laana. Hakuna sababu ya kudhani kwamba bomba la choo lililoelekezwa mtoni kwa siri liko nje ya onyo hilo.

Mafaqihi wetu walikuwa na neno zuri, nalo ni harimu: eneo linalokizunguka kisima au mto, ambalo hakuna mtu binafsi anayeruhusiwa kulijenga wala kulilima, ili maji yafikike na yasidhuriwe. Ipo riwaya inayotaja dhiraa arobaini kuzunguka kisima cha kunyweshea mifugo. Wanachuoni walitofautiana juu ya vipimo, lakini walikubaliana katika msingi: mto una haki yake, na haki hiyo ni ya watu wote. Karne nyingi baadaye sheria ya nchi yetu imefika mahali hapo hapo, ikazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Muislamu asiione mita hizo kuwa ni usumbufu wa maofisa. Ni harimu iliyopewa kipimo.

Tena haki hiyo haina maana kwamba ukingo uachwe jalala. Hapa hapa Arusha, kando ya Mto Themi, eneo lililokuwa limetelekezwa na kujaa taka liligeuzwa kuwa bustani ya umma, kwa juhudi za shirika la Oikos pamoja na Halmashauri ya Jiji. Miti imekua, familia huketi, na kina mama hupata riziki kwa kuuza vyakula. Maji yakifura, bustani hulowa na kukauka. Sebule ikifurikwa haikauki kwa urahisi namna hiyo.

Swali gumu zaidi linabaki: vipi waliokwisha kujenga? Dar es Salaam imetupa somo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wengi wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mjini. Wapo waliorejea bondeni, kwa kuwa riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli ya kila siku ilikula walichochuma. Mamlaka inayomhamisha mama muuza vitumbua pasipo kuifikiria riziki yake haijamwokoa na maji. Imemchagulia namna nyingine ya kuzama. Kuondosha madhara ni msingi wa sharia, na msingi huo huo unataka madhara yasiondoshwe kwa madhara mfano wake. Notisi ya kutosha, fidia ya haki na mahali panapofikika ni haki za mnyonge, na mpangaji asiye na hati ana sehemu yake katika haki hizo.

Baada ya kuwasemea wengine, hatuna budi kujisemea wenyewe. Mara nyingi jamaa wa msikiti wanapotafuta kiwanja cha madrasa, fedha ni haba, na kipande cha bei rahisi ni kile kinachoanguka mtoni. Hununuliwa, hutangazwa kuwa ni wakfu, na ukuta ukasimama mita chache kutoka majini, tukitumaini kwamba hakuna ofisa atakayethubutu kuigusa nyumba ya Mungu. Wakfu hauswihi katika kitu ambacho mtoaji hakuwa na haki ya kukimiliki. Na watoto tunaowafundisha tohara katika jengo hilo ndio hao hao ambao korongo litawafikia wa kwanza.

Jambo jingine linatendeka ndani ya familia, wala halitangazwi. Baba anapofariki, Mungu amrehemu, shamba hugawanywa kwa hatua. Ndugu wa kiume huchukua upande wa barabarani, na dada au mjane akapewa upande wa bondeni. Kwenye karatasi mafungu yanafuata faraidhi. Ardhini mmoja amepata kiwanja na mwenzake amepata mafuriko. Mgawanyo wa haki hutazama thamani kabla ya hatua. Tunawanasihi wasimamizi wa mirathi waitoe kwanza sehemu ya mto, isihesabiwe katika fungu la yeyote, kisha kilichobaki kithaminiwe na kugawanywa.

Nasihi hii inatuhusu sana sisi wa Kisongo. Jiji linapanuka kuelekea kwetu kwa kufuata barabara iendayo Makuyuni. Pande zetu makorongo mengi hukaa makavu kwa miezi, ng'ombe wakipita ndani yake na watoto wakicheza mpira, hata mgeni akadhani ni uwanja wa wazi usio na mwenyewe. Wazee wa Kimaasai hawakuhitaji ramani kujua maji hupita wapi masika yanapochachamaa. Leo madalali wanaweka vigingi humo humo, nao wanunuzi, wengi wao wageni, wanakuja kutazama mwezi wa Agosti.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi, mnunuzi arudi kukitazama kiwanja wakati wa mvua. Awaulize majirani waliokaa miaka ishirini, akapitie ofisi ya ardhi ya halmashauri, apime mita zake 60. Kamati ya msikiti ifanye vivyo hivyo kwa kiwanja cha wakfu. Mjini wenzetu wanahangaika kuvunja na kufidia. Huku kwetu kinachohitajika bado ni kujizuia tu, nacho hakina gharama ila kwa aliyekwisha kuweka tamaa.

Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina, akakiacha kiwe cha Waislamu wote wanywe bila malipo. Hatuombwi tununue mto. Tunaombwa tusiuuze.

Tunamuomba Allah awarehemu watoto waliotangulia, awape subira wazazi wao, na atujaalie tuwe wenye kuilinda amana hii kabla masika mengine hayajafika. Amin.