Baiskeli ya Hisani na Baiskeli ya Mofu

Imezuka miongoni mwetu sisi wenye mishahara tabia ya kuhesabu jasho na kusahau kuhesabu matunda yake. Mtu hutangaza kwamba ataendesha baiskeli kilomita mia kadhaa kwa ajili ya hisani. Ofisi nzima humchangia. Hupigwa picha akiwa na kofia ngumu kichwani na jina la mdhamini kifuani. Na jioni ya siku ya mwisho wote tunampigia makofi. Kesho yake haulizi mtu fedha ziliishia wapi. Athubutuye kuuliza huitwa mwenye roho mbaya.

Sisemi kwamba safari hizi ni upuuzi. Wapo maofisa wanaozicheka, wakidai kwamba ni michezo ya Wazungu wenye nafasi, iliyoletwa na ile misafara ya Cairo hadi Cape Town ipitayo nchini mwetu tangu mwaka 2003. Hiyo ni kasumba tupu! Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na mwaka huo huo kijana Seti Benjamin alikufa njiani katika matembezi ya aina hiyo. Tangu mwaka 2002 wapanda mlima, pamoja na waendesha baiskeli wanaouzunguka Kilimanjaro, wamechangisha fedha za kupambana na UKIMWI. Msafara wa Twende Butiama nao hutoka Dar es Salaam ukiacha njiani madawati na miche ya miti. Kujitolea mwili kwa ajili ya wengine si jambo geni kwetu.

Lakini tuiache lami, twende Mofu, katika bonde la Kilombero. Huko baiskeli ni lori la mkulima: ndiyo ibebayo gunia la mpunga lililojazwa lumbesa, mwenyewe akitembea ubavuni kwa kuwa uzito haumruhusu kupanda. Ni gari la abiria, na mara nyingi ni gari la wagonjwa. Masika yafikapo maji hutanda bondeni. Tope jeusi hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likatae kuzunguka, na mtu huibeba begani baiskeli iliyopaswa kumbeba yeye. Mwambieni mama mjamzito aliyekaa kwenye karia, safari yake ikiwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara, kwamba kuendesha baiskeli masafa marefu ni ushujaa. Nani amempiga picha? Nani amemdhamini mumewe kwa kila kilomita?

Nitajibiwa kwamba upo mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao kwa simu ya bure namba 115 humpatia mama wa namna hiyo usafiri wa dharura. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini gari nalo lahitaji njia. Kwenye mto Kilombero, ambako kivuko kilizama mwaka 2016, leo lipo daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018. Daraja lile halikujengwa kwa fulana za wadhamini. Lilijengwa kwa kodi na kwa wajibu.

Basi tofauti hiyo iwekwe wazi. Barabara, dawa na mshahara wa mkunga ni haki ya mwananchi. Mtumishi wa umma anayechangisha kwa hisani kitu ambacho ofisi yake inapaswa kukitenda anaomba sadaka kwa jina la uzembe wake mwenyewe. Hisani ina mahali pake, na Mofu hapakosi la kufanyiwa. Ila la kufanywa walitaje wenyeji, si kamati ya watu watano iliyoketi hotelini. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji uketi walau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo mahesabu yasomwe kwa sauti, shilingi kwa shilingi, pamoja na bei ya fulana na chakula cha wageni. Walimu, ambao wanajua kuandika na ambao wanakijiji huwaamini, wasione haya kushika kalamu siku hiyo.

Nami natoa changamoto yangu kwa wenzangu wa maofisini. Tuondoke Ifakara mwezi wa Aprili kwa Phoenix za kawaida, bila gari la kututangulia wala la kutufuata, stakabadhi zikiwa mkobani, tukalale Mofu na kuulizwa maswali huko. Na yeyote atakayesema kwamba njia hiyo haipitiki wakati wa masika, ayaandike maneno hayo kwenye jalada, atie sahihi yake, na alipeleke Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba.